Mashine ya Maji Inapokohoa

Ndugu msomaji, kama unalima bustani kando ya mto Ruvu, huko Mlandizi au vijiji vya jirani katika Kibaha, bila shaka unaijua mashine ndogo ya petroli ya kuvutia maji. Na kama unaishi Kisarawe, huenda hujawahi kuvuta maji kwa mashine. Lakini umewahi kuona injini ya namna hiyo hiyo ikizungusha mashine ya kukwangua muhogo. Injini ni ile ile, na ugonjwa wake ni ule ule. Siku moja inaanza kukohoa. Inapanda na kushuka, inatetemeka, inatoa moshi, mwisho inazima. Mafundi wa mjini husema "inamisi". Sisi tunasema inakohoa, maana ndivyo inavyosikika.

Sisi tunaoandika habari hii ni kikundi cha bustani. Mashine yetu ilianza kukohoa mwezi wa Agosti. Mnajua Agosti ilivyo huku kwetu. Masika yamekwisha zamani, vuli bado, na mchanga wa juu umekuwa kama majivu. Mchicha ukikosa maji siku mbili unalala. Nyanya nazo zikikosa maji wakati wa maua, zinaangusha maua yote chini.

Mashine ilikuwa inawaka vizuri kabisa asubuhi. Baada ya dakika kumi hivi inaanza kukohoa. Inapungua nguvu, maji yanakuwa haba, kisha inazima. Tukiipumzisha kidogo inawaka tena. Inafanya kazi dakika kumi nyingine, inazima.

Tukampelekea fundi. Fundi akasema ni plagi. Tukanunua plagi mpya. Mambo yakawa yale yale. Akasema basi ni kabureta. Tukanunua kabureta mpya, kwa fedha ambayo ingetupatia mifuko miwili ya mbolea. Mambo yakawa yale yale. Siku sita zikapita hivyo. Mchicha wote tukaung'oa tukawapa mbuzi.

Ubovu wenyewe tuliugundua siku ya saba, na haukuhitaji spea yoyote. Tutaueleza mbele. Kwanza tuelezane injini inataka nini, maana bila kujua hilo mtu anabahatisha tu, na kubahatisha ni gharama.

INJINI INATAKA VITU VITATU

Injini ya petroli inataka petroli, hewa na cheche ya moto. Vitu hivi vitatu vikifika pamoja, kwa kiasi chake na kwa wakati wake, injini inakwenda. Kimoja kikipungua au kikizidi, inakohoa.

Injini nyingi za pampu hufanya kazi kwa hatua nne. Pistoni inashuka na kuvuta petroli iliyochanganyika na hewa. Inapanda na kuibana. Plagi inatoa cheche, mchanganyiko unawaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Kisha pistoni inapanda tena na kutoa moshi nje. Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza injini ya hatua nne mwaka 1876, na hadi leo utaratibu huo haujabadilika. Hata vile vindege vidogo vinavyorushwa kwa mchezo huko Ulaya na Marekani, vyenye injini ya petroli unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja, husumbuliwa na ukohozi huu huu, na wenyewe huutafuta kwa njia hizi hizi.

Pampu ikiwa katika mwendo wake wa juu, injini hufikia mizunguko 3,600 kwa dakika moja. Kila mizunguko miwili kuna mlipuko mmoja. Yaani milipuko 1,800 kwa dakika, au 30 kwa sekunde moja, kabla hujamaliza kutamka jina lako. Milipuko michache ikikosekana, sikio linajua mara moja.

Na hewa? Watu wengi hawaifikirii hewa kwa sababu hainunuliwi. Lakini kilo moja ya petroli hutaka karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Ukipima kwa ujazo, lita moja ya petroli hutumia hewa ya kujaza mapipa zaidi ya 40, yale mapipa makubwa ya lita 200. Hewa yote hiyo inapita katika tundu dogo, na vumbi lake lote linataka kupita nalo.

SIKILIZA KABLA YA KUSHIKA SPANA

Mganga mzuri huuliza kabla ya kutoa dawa. Vivyo hivyo na injini. Je, inakohoa ikiwa baridi tu, au ikiisha kupata moto? Inakohoa ikiwa haina mzigo, au pale inapoanza kusukuma maji? Moshi wake una rangi gani? Ilianza taratibu, au ilianza siku ile mlipotia petroli ya dumu jipya?

Majibu hayo yana thamani kuliko sanduku la spana. Moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi au hewa ni haba. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua. Ikiwa inapanda na kushuka yenyewe, juu chini, juu chini, kama mtu anayepumua kwa shida, mara nyingi petroli inafika kidogo mno. Na ikienda vizuri kisha ikafa baada ya muda ule ule kila mara, kama yetu, kuna kitu kinachojikusanya au kinachokwisha kidogo kidogo.

Kuna jaribio moja jepesi sana. Injini ikikohoa, sukuma choki ifunge nusu. Choki ni kibao kinachoziba njia ya hewa. Hewa ikipungua, petroli huvutwa zaidi. Basi kama injini inatulia ukifunga choki nusu, tatizo lako ni uhaba wa petroli. Kama inazidi kukohoa na kutoa moshi mweusi, petroli inazidi, au hewa imezibwa. Jaribio hili halina gharama hata senti tano.

ANZA NA MAFUTA

Tumeona katika vijiji vyetu kwamba chanzo cha kukohoa mara nyingi ni petroli yenyewe. Wengi wetu hatununui kwenye kituo. Kituo kiko mbali, barabarani. Tunanunua kwa lita, kwenye chupa za maji au vidumu, kwa mtu aliyenunua kwa mtu. Kidumu hicho jana kilikuwa na nini? Hakuna anayejua.

Maji ndiyo adui wa kwanza. Yanaingia kwa kidumu kilichooshwa kisikauke, au kwa mvua, au kwa umande. Ndiyo, umande. Tangi likilala nusu tupu, hewa ya usiku iliyomo ndani inapoa na kuacha matone kwenye kuta za tangi.

Kuyajua maji ni rahisi. Chukua chupa nyeupe ya kioo, iliyo safi na kavu. Tia petroli kutoka katika tangi. Iweke mahali patulivu, mbali na jiko na mtu anayevuta sigara. Petroli ni nyepesi kuliko maji: lita ya maji ni kilo moja, lita ya petroli haifiki hata robo tatu na nusu robo ya kilo. Kwa hiyo maji yote yatashuka chini. Utaona mstari, au vishanga vinavyotembea chini ya chupa ukiiinamisha. Ukiviona, mwaga petroli yote ya tangi kwenye chombo, usiirudishe. Kisha fungua skrubu iliyo chini ya kikombe cha kabureta, maji yaliyofika huko nayo yatoke. Watu wengi husafisha tangi wakasahau kikombe, kisha wanashangaa mashine bado inakohoa.

Adui wa pili ni mafuta ya taa. Zamani mafuta ya taa yalikuwa rahisi sana kuliko petroli, na watu wenye tamaa waliyachanganya. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili mchezo huo usiwe na faida. Ulipungua. Lakini kama una shaka, dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe, uiache kivulini. Petroli safi hupotea upesi. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta linalokawia. Si kipimo cha maabara, lakini kinakupa fununu.

Adui wa tatu ni uzee. Petroli huchacha, ndugu msomaji. Ikikaa miezi mingi ndani ya kabureta, sehemu nyepesi huruka na kubaki kitu kama gundi ya kahawia. Gundi hiyo huziba vitundu vyembamba kuliko tundu la sindano.

Hapa tuseme jambo moja kwa nguvu. Usinyonye petroli kwa mdomo ili kuihamisha. Tumeona wazee na vijana wakifanya hivyo kila siku kwa mpira. Ikipita njia isiyo yake na kuingia mapafuni, hata kidogo, inaweza kuua. Mtu aliyemeza asitapishwe, apelekwe zahanati haraka.

KIFUNIKO CHA TANGI

Sasa turudi kwenye mashine yetu. Siku ya saba tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, kila mtu ana lake la kulaumu. Mama mmoja wa kikundi akasema, "Hebu tuone kama petroli ipo." Injini ilikuwa ndiyo kwanza imezima. Alipofungua kifuniko, tukasikia "fyuuu", kama mtu anayevuta pumzi. Akafunga kwa kulegeza tu. Tukavuta kamba, injini ikawaka na ikaenda nusu saa bila kukohoa.

Kumbe kifuniko kilikuwa kinavujisha kidogo, na mmoja wetu, kwa nia njema, alikuwa ameweka kipande cha nailoni ndani yake kisha akakaza. Kifuniko cha tangi kina kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Petroli inaposhuka, hewa lazima iingie ishike nafasi yake. Kitundu kikizibwa, petroli hushuka kwa muda, kisha inakwama. Chukua chupa ya maji, itoboe kitundu kidogo chini, halafu ziba mdomo wake kwa kiganja. Maji yatatoka kidogo, kisha yatasimama. Ndivyo ilivyokuwa mashine yetu. Ikizima, hewa inapenya polepole, petroli inashuka tena, injini inawaka tena. Dakika kumi, halafu basi.

Kwa hiyo mashine ikizima ikiwa moto, kabla ya yote legeza kifuniko. Ngoja ipoe kidogo, maana petroli na ekzosi ya moto havikai pamoja. Ikiwaka na kuendelea, umepata jibu. Kipande cha nailoni kilitugharimu plagi, kabureta na tuta zima la mchicha.

Wakati uko hapo, angalia pia mpira wa petroli. Umepasuka? Umebanwa na fremu? Vuta mpira pale kwenye kabureta na ufungue koki. Petroli itoke kwa mfululizo, si kwa matone. Ikitoka kwa matone, chujio dogo lililo chini ya tangi limejaa takataka.

HEWA: HABARI KUTOKA KISARAWE

Dada wa mmoja wetu ameolewa upande wa Maneromango, wilaya ya Kisarawe. Huko muhogo ndio chakula na ndio fedha. Kikundi chao cha akina mama kina mashine ya kukwangua muhogo yenye injini ya petroli. Tulipokwenda kuwatembelea tulikuta injini inatoa moshi mweusi na inanguruma kwa uzito, kama mtu aliyezibwa pua.

Tulifungua chujio la hewa. Loo! Vumbi la njia na unga wa muhogo vilikuwa vimeshikana na oili, limekuwa tonge. Injini ilikuwa inavuta petroli tele lakini hewa haipiti. Plagi nayo ilikuwa nyeusi kwa masizi.

Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, husuuzwa, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kabisa. Kisha hutiwa matone machache ya oili safi na kukamuliwa tena. Chujio la karatasi halioshwi. Likung'ute taratibu, na kama haliangazi mwanga ukiliinua juu ya jua, nunua jipya. Penye vumbi kama barabara zetu za kiangazi, liangalie kila wiki, au kila siku kama mashine inafanya kazi kutwa.

Lakini akina mama wale walitueleza jambo jingine, na hili lilitusikitisha zaidi. Kabla ya injini hiyo walikuwa na nyingine. Kijana mmoja aliwaambia ati chujio linapunguza nguvu, akaling'oa na kulitupa. Kweli, injini ilichangamka siku ile ile. Wakampongeza. Haikupita miezi mingi ikaanza moshi wa buluu. Mchanga ulikuwa umeingia moja kwa moja ndani ya silinda na kula ringi za pistoni kama msasa. Injini hiyo sasa ni kiti cha kukalia mtoto. Usikubali kamwe injini iendeshwe bila chujio.

Kabla ya kuondoka Maneromango tulisogeza pia mashine ile. Walikuwa wanaiendesha ndani ya kibanda, mlango umerudishwa nusu ili mbuzi wasiingie. Moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, huona usingizi, na anaweza kufa bila kujua kinachomuua. Tukaitoa nje, chini ya mkorosho.

PLAGI HUSEMA UKWELI

Plagi ni kama ulimi wa mgonjwa. Ngoja injini ipoe, vuta kofia ya waya, fungua plagi kwa spana yake, tazama ncha.

Ikiwa ya rangi ya hudhurungi, kama chai ya maziwa, injini ni nzima upande huo. Ikiwa nyeusi na kavu kama sufuria ya kuni, petroli ni nyingi au hewa imezibwa. Ikiwa nyeusi na ina mafuta mafuta, oili inapanda. Ikiwa nyeupe kama chokaa, petroli ni kidogo na injini inaungua kwa joto; usiendelee kuitumia hivyo. Ikiwa imelowa petroli, ama cheche haipo, ama umevuta kamba mara nyingi mno huku choki imefungwa.

Safisha ncha kwa brashi ngumu. Kisha angalia nafasi kati ya ncha mbili. Kwa injini nyingi za pampu inatakiwa kuwa milimita 0.7 hadi 0.8. Kama huna kipimo, chukua bapa la msumeno wa kukatia chuma. Bapa hilo lipite kwa urahisi, nafasi iwe kubwa kidogo tu kuliko unene wake.

Kutazama cheche, watu huigusisha plagi kwenye chuma cha injini kisha mwingine anavuta kamba. Ni njia nzuri, lakini ina hatari yake. Mwenzetu mmoja aliishika plagi karibu na tundu ilikotoka. Kamba ilipovutwa, petroli iliyokuwa ndani ya silinda ilirushwa nje kama mvuke, ikakutana na cheche. Mkono wake uliungua hadi kwenye kiwiko na hakushika jembe msimu mzima. Kwa hiyo: funga koki ya petroli, ziba tundu la plagi kwa kitambaa kikavu, shika kwa koleo yenye mpira, na iweke plagi upande wa pili, mbali na tundu. Cheche nzuri ni ya buluu na ina mlio. Cheche nyekundu hafifu ni mbovu.

Kama cheche ipo injini ikiwa baridi lakini inapotea ikiwa moto, hapo koili imechoka. Ona jinsi ugonjwa huo unavyofanana na ule wa kifuniko! Yote mawili huja baada ya dakika kadhaa. Ndiyo maana twasema: fungua kifuniko kwanza, halafu cheche, halafu ndiyo mfuko wa fedha.

KABURETA IWE YA MWISHO

Wengi wetu tukisikia injini inakohoa, mkono unakwenda kwenye skrubu za kabureta. Zungusha hii, zungusha ile. Jioni hakuna anayekumbuka zilikuwa wapi, na sasa kuna magonjwa mawili. Skrubu hazijizungushi zenyewe usiku. Kama mashine ilikuwa nzima jana, si skrubu.

Kinachoziba ni jeti, kile kipande cha shaba chenye kitundu ambamo petroli hupita. Fundi akiifungua, asiichokonoe kwa waya. Waya huongeza tundu, na tundu likiongezeka hata kwa unene wa unywele, injini itakula petroli maisha yake yote. Ioshe kwa petroli safi, ipulize kwa pampu ya baiskeli, na kama kuna kilichokwama, tumia unywele mgumu wa brashi. Angalia pia bolti zinazoshika kabureta na gasketi iliyo katikati. Zikilegea, injini huvuta hewa ya wizi, na hapo itapanda na kushuka siku nzima.

Tena ukigusa kitu, gusa kimoja, ujaribu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja injini ikapona, hutajua kilichoiponya, na mwakani utanunua vyote vitatu.

WAKATI MWINGINE INJINI HAINA KOSA

Ukingo wa Ruvu una mteremko. Watu huweka mashine imeinama ili iwe karibu na maji. Injini nyingi za namna hii zina kifaa kidogo ndani ya oili kinachozima injini oili ikipungua. Mashine ikiinama, oili hukimbilia upande mmoja, kifaa kinadhani oili imekwisha, injini inakata. Mtu anasema plagi! Chonga mahali pa tambarare kwanza, kisha pima oili kwa kijiti chake. Usijaze kupita alama, maana ikizidi nayo itaungua na kutoa moshi wa buluu.

Na kama injini ghafla inapiga kelele kwa mbio lakini maji hayatoki, hiyo si injini, ni bomba la kunyonyea. Linavuta hewa mahali, au chujio lake la mwisho limekamata majani. Kiangazi mto hushuka. Pampu haivuti maji kutoka chini sana: zaidi ya mita 7 hivi kwenda juu, hata mashine mpya hushindwa. Isogeze chini karibu na maji, isukume kwenda juu, badala ya kuikalisha juu ikavuta.

Neno moja kwa wenye misumeno ya petroli na mashine za kupulizia mikorosho. Hizo nyingi ni za hatua mbili, nazo hutaka oili ichanganywe ndani ya petroli, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mashine. Kwa mfano, kipimo cha 1 kwa 50 ni mililita 20 za oili katika lita moja ya petroli. Usiazimane petroli kati ya mashine hizo na pampu. Pampu ikinywa yenye oili, itafuka na kuchafua plagi. Msumeno ukinywa isiyo na oili, utajikaza na kufa siku hiyo hiyo.

Petroli chafu na oili iliyotumika msimwage mtoni. Maji ya Ruvu ndiyo yanayopelekwa Dar es Salaam, na sisi wenyewe tunayachota.

KABLA YA MASIKA NA KABLA YA KWENDA KWA FUNDI

Mvua zikianza, mashine inawekwa stoo miezi mitatu, minne. Hapo ndipo petroli huchachia ndani ya kabureta. Sisi sasa tunafanya hivi. Tunafunga koki ya petroli huku injini inakwenda, tunaiacha imalize iliyomo kwenye kikombe hadi izime yenyewe. Tunamwaga iliyobaki kwenye tangi na kumpa mwenye bodaboda aitumie ingali safi. Tunafungua plagi, tunatia oili kijiko kimoja cha chai ndani ya silinda, tunavuta kamba taratibu mara mbili, tunarudisha plagi. Chujio linaoshwa. Mashine inafunikwa kwa gunia, si kwa nailoni, maana nailoni hutunza unyevu.

Yapo mambo ambayo si yetu: kupima nafasi za vali, kubadili ringi, kubadili koili. Hayo ni ya fundi. Mwenye kijana anayetaka kujifunza kazi aulizie Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilichoko Kibaha, kwenye lile Shirika la Elimu lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa Denmark, Finland, Norway na Sweden.

Ukienda kwa fundi, usimwambie tu "mbovu". Mwambie: inawaka vizuri, inakohoa baada ya dakika kadha, moshi wake ni wa rangi hii, nikifunga choki nusu inafanya hivi, plagi ilikuwa na rangi hii, petroli nimeitazama kwenye chupa, kifuniko nimekilegeza. Yaandike kwenye karatasi kama utasahau. Na spea aliyoitoa akurudishie mkononi. Kabureta yetu ya zamani tuliidai tukarudishiwa. Tuliiosha, tukaifunga, na ndiyo inayovuta maji mpaka leo. Ile mpya imefungwa katika kitambaa, stoo.